Sinan bin Thabit: Tabibu Aliyewatahini Matabibu wa Baghdad



Katika kurasa kama hizi twazoea kusoma maisha ya masahaba na maimamu wakubwa, na ni vizuri. Lakini leo tumtazame tabibu. Manake hapa kwetu, kuanzia Mambrui na Malindi mpaka Kilifi na Mtwapa, Alhamdulillah siku hizi ni nadra kukosa nyumba yenye kijana anayesomea uuguzi, uklinika au udaktari. Na kila mmoja wao anajua jambo moja linalowakosesha usingizi: kumaliza chuo si mwisho. Ukishamaliza, kuna mtihani mwingine wa leseni unakungoja. Wauguzi wana wao wa baraza la wauguzi, maafisa wa kliniki wana wao, na madaktari waliosomea nje ya nchi lazima wapite mtihani wa Baraza la Madaktari kabla hata hawajaruhusiwa kuanza mwaka wao wa mazoezi hospitalini. Kijana amesoma miaka sita ughaibuni, anarudi na shahada yake mkononi, anaambiwa keti chini utahiniwe upya. Wazazi wengine hukasirika. Husema huu ni usumbufu wa serikali tu, au ni mambo ya Wazungu.

Basi hebu tuone kama ni mambo ya Wazungu. Mwaka wa 319 Hijria, yaani 931 Miladia, katika mji wa Baghdad, watu zaidi ya 860 waliokuwa wakijiita matabibu walisimamishwa kazi mpaka watahiniwe mmoja mmoja. Aliyewatahini ni Abu Said Sinan bin Thabit bin Qurra.

MTOTO WA MWANAHESABU

Sinan alizaliwa karibu na mwaka 880, katika nyumba ya elimu. Asili yao ni Harran, mji wa zamani ambao leo uko kusini mwa Uturuki. Watu wa ukoo wake hawakuwa Waislamu wala Wakristo wala Mayahudi. Walikuwa Wasabii, watu wa dini kongwe iliyotukuza nyota, na kwa sababu ya kuzitazama nyota sana wakawa mahodari wa falaki na hesabu.

Baba yake, Thabit bin Qurra, inasemekana alikuwa akibadilisha pesa sokoni Harran. Kumbe ule ubongo wa kupiga hesabu za sarafu ulikuwa na makubwa ndani yake. Akaonwa na mmoja wa wale ndugu watatu mashuhuri, Banu Musa, akachukuliwa Baghdad. Huko akatafsiri vitabu vya Kiyunani kwa Kiarabu, akaandika mambo ya hesabu ambayo wataalamu wanayasoma hadi leo. Alikuwa pia tabibu, na alikuwa mtu wa karibu sana wa Khalifa al-Mu'tadid. Imesimuliwa kwamba siku moja khalifa alikuwa akitembea naye bustanini huku ameegemeza mkono wake juu ya mkono wa Thabit. Mara akauvuta kwa nguvu. Thabit akashtuka. Khalifa akamwomba radhi, akamweleza kuwa amesahau adabu, kwa kuwa mkono wa mwenye elimu haufai kuwa chini. Na huyu ni mtawala wa dola aliyekuwa akiogopwa, tena anayeambiwa si Mwislamu! Elimu ilikuwa na heshima yake.

Thabit alifariki mwaka 901. Sinan wakati huo ni kijana wa miaka ishirini hivi. Akabaki na vitabu vya babake, jina la babake, na kazi ya babake. Sasa kubeba jina la mzazi mkubwa nako si mchezo, wanaojua wanajua.

HOSPITALI MBILI MWAKA MMOJA

Mwaka 908 ukhalifa ulimfikia al-Muqtadir akiwa mvulana wa miaka 13. Serikali ikawa ni ya mawaziri na ya mama yake, bibi aliyeitwa Shaghab, ambaye watu walimwita as-Sayyida. Mambo mengi ya utawala ule hayapendezi kusimulia: fitina, mawaziri kufungwa na kutozwa mali zao, askari kudai mishahara kwa fujo. Lakini katikati ya vurugu ile ndipo Sinan alipofanya kazi zake kubwa. Naona jambo hili vijana wengi hulisahau. Wangojea nchi itulie kwanza ndio waanze kutenda.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 306 Hijria, ambao ni 918 Miladia, Sinan alifungua hospitali ya as-Sayyida mahali paitwapo Suq Yahya, kando ya mto Tigris. Matumizi yake yalikuwa dinari 600 kila mwezi, za dhahabu. Mwaka huohuo akamshauri khalifa naye ajenge hospitali kwa jina lake. Ikajengwa ya al-Muqtadiri, kwenye mlango wa Sham, nayo ikapewa dinari 200 kwa mwezi. Ukiangalia hesabu hiyo utaona hospitali ya mama ilikuwa na bajeti mara tatu ya hospitali ya mtoto. Hilo nalo lasema kitu kuhusu nani alikuwa na nguvu mjini!

Na kuna jambo dogo ambalo mimi limenipendeza. Pesa za hospitali ya as-Sayyida hazikupitia mkononi mwa Sinan. Yeye alisimamia tiba, na matumizi akasimamia mtu mwingine.

MAKAA, CHAKULA NA MABLANKETI

Wakati huo palikuwa na waziri mmoja mwema, Ali bin Isa, anayesifiwa na wanahistoria kwa uadilifu wake. Yeye na Sinan walielewana. Barua walizoandikiana, maana yake imehifadhiwa, na ukizisoma utadhani zimeandikwa juzi.

Mwaka mmoja maradhi yalizidi Baghdad. Waziri akamwandikia Sinan kuhusu wafungwa. Akamweleza kwamba kwa wingi wao na ubaya wa mahali walipo hawawezi kukosa kuugua, na hawana uhuru wa kutoka kwenda kutafuta tabibu. Kwa hivyo Sinan ateue matabibu waingie magerezani kila siku, wachukue dawa na vinywaji, wazunguke jela zote na kuwatibu wagonjwa. Ikafanywa hivyo. Hii ni zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Kisha waziri akafikiria watu wa mashamba, kule Sawad, ambako vijiji havina tabibu. Akaagiza watumwe matabibu pamoja na sanduku la dawa, wakae kila kijiji kwa kadiri ya haja, kisha wahamie kingine. Sisi leo twaita kliniki ya kuhamahama. Watu wa Ganze na Magarini wanaijua vizuri, gari likija na dawa chini ya mwembe.

Matabibu wale walipofika sehemu za Sura wakakuta wakazi wengi ni Mayahudi. Wakauliza: wabaki wawatibu, au wapite waende kwa Waislamu? Sinan akamwandikia waziri kuuliza, na akamkumbusha kwamba desturi ya hospitali ni kumtibu Mwislamu na asiye Mwislamu. Jibu la waziri lilikuwa kwamba hakuna ubishi baina yao kuwa kuwatibu watu wa dhimma na hata wanyama ni jambo la sawa. Bali mpango uwe watu kabla ya wanyama, na Waislamu kabla ya wengine, kinachobaki kiende kwa wanaofuata. Leo mpango ule wa mafungu hatuufuati hospitalini, anayezidiwa ndiye wa kwanza. Lakini kwa zama zile, swali lenyewe kuulizwa na mkuu wa matabibu ambaye naye si Mwislamu, na kujibiwa kwa upole na waziri wa khalifa, ni jambo la kutazamwa mara mbili.

Barua ya tatu ndiyo yenye uchungu. Palikuwa na hospitali ya zamani zaidi, ya Badr, iliyokuwa ikiendeshwa kwa mapato ya wakfu. Wakfu ule ulikuwa na mafungu mawili, moja la hospitali, jingine la watu wengine. Msimamizi akawa anawahi kulipa lile fungu jingine na kuichelewesha hospitali. Wakati ni wa baridi. Wagonjwa wakakosa makaa ya kuota, wakakosa chakula, wakakosa mablanketi. Sinan hakunyamaza. Alimwandikia waziri akamtajia vitu hivyo kimoja kimoja, na waziri akamwandikia msimamizi barua kali ya kumtaka ajieleze, vipi anawacha wagonjwa wakitetemeka na haki yao ipo.

Ndugu yangu, tabibu mkubwa wa khalifa, mwenye kuingia ikulu atakapo, akaketi kuhesabu makaa na mablanketi ya watu asiowajua majina. Ukiniuliza mimi, hapa ndipo ukubwa wake ulipo, hata kuliko ule mtihani uliompa sifa.

MTU MMOJA AFARIKI

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe.

Mwaka 931 khalifa alipata habari kwamba mtu mmoja wa kawaida mjini ametibiwa na tabibu, tabibu akakosea, mtu yule akafa. Si amiri, si tajiri. Ni mtu katika watu. Na Baghdad ya wakati ule ilikuwa na watu wengi mno, na kila mtaa una anayeuza dawa, anayepiga chuku, anayetoa damu, anayetibu macho, anayeunga mifupa. Wako waliosoma kwelikweli, na wako waliorithi mkoba wa baba na kilemba tu.

Sheria ya kumwajibisha asiyejua ilikuwepo tangu zamani. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud na wengineo kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mwenye kujitia katika utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, basi ana dhamana ya atakachokiharibu. Lakini dhamana huja baada ya mtu kuumia. Khalifa alitaka kizuizi cha kabla.

Akamwamuru muhtasib wa Baghdad, yaani mkaguzi wa masoko na mizani, awazuie matabibu wote kufanya kazi isipokuwa yule ambaye Sinan bin Thabit amemtahini na kumwandikia karatasi kwa mkono wake, na karatasi ile itaje ni kazi gani anaruhusiwa kufanya. Soma tena hapo mwisho. Haikuwa cheti cha kusema huyu ni tabibu, basi. Ilikuwa cheti chenye mipaka. Wewe macho, wewe mifupa, wewe homa ndogondogo, usivuke hapo.

Waliotahiniwa pande zote mbili za mto walifika 860 na zaidi kidogo. Hapo hawajahesabiwa wale waliojulikana wazi kwa ubingwa wao, wala waliokuwa katika utumishi wa ikulu. Hao walisamehewa mtihani. Bila shaka palikuwa na manung'uniko mitaani kwa hilo!

Fikiria hali ya wale watu 860. Wengine wamefanya kazi miaka thelathini. Ana wateja, ana jina, ana watoto wa kulisha. Ghafla aambiwa afunge duka aende kwa Sinan. Walilala wakisoma nini? Vitabu vya kusomea vilikuwepo. Mwanafunzi wa tiba wa zama zile alitakiwa kujua vitabu 16 vya Jalinus (Galen) na semi fupi za Bukrat, yaani Hippocrates. Kilichorahisisha mambo ni kitabu cha Hunayn bin Ishaq, yule mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 873. Kimeandikwa kwa maswali na majibu: tiba imegawanyika mafungu mangapi, vipengele vya mwili ni vingapi, na kuendelea. Wanafunzi wetu wanaopiga fotokopi za maswali ya mitihani iliyopita watamwelewa Hunayn mara moja.

Naye Abu Bakr ar-Razi, bingwa wa zama hizohizo aliyeongoza hospitali Rayy na Baghdad, aliandika juu ya namna ya kumpima tabibu. Rai yake ni kwamba aulizwe kwanza elimu ya viungo vya mwili na vitabu vya waliotangulia, na akishindwa hapo hakuna haja ya kumpeleka kwa wagonjwa kumjaribu. Ndio mpango uleule wa leo: karatasi kwanza, kisha kitandani kwa mgonjwa.

MZEE MWENYE DINARI

Katika mitihani ile kuna kisa kimoja ambacho wanahistoria wa tiba hawaachi kukitaja.

Siku moja aliingia kwa Sinan mzee mwenye haiba, nguo nzuri, ametulia. Sinan akamheshimu, akamkalisha karibu naye, akawa kila likipita jambo humgeukia kama anayetaka rai yake. Watu wakatahiniwa wakaisha. Ndipo Sinan akamgeukia mzee, akamwomba kwa adabu amfaidishe kwa jambo la elimu lililohifadhiwa kutoka kwake, na amtajie ni nani aliyekuwa mwalimu wake.

Mzee akatoa kikaratasi mkononi mwa nguo yake. Ndani mna dinari za dhahabu. Akaziweka mbele ya Sinan. Akasema kweli yake yote: kwamba hajui kuandika vizuri wala hajasoma chochote, ila ana familia, na riziki yake ni hii kazi na hana nyingine. Akaomba asikatiwe.

Sinan akacheka. Kisha akamkubalia kwa sharti: asimshambulie mgonjwa kwa jambo asilolijua, asiamuru mtu kutolewa damu, wala asitoe dawa ya kuharisha isipokuwa kwa ugonjwa ulio mwepesi. Mzee akajibu kwamba hiyo ndiyo njia yake maisha yake yote, hajapata kuvuka sikanjabini na julabu. Sikanjabini ni siki iliyochanganywa na asali au sukari, na julabu ni sharubati ya marashi ya mawaridi. Yaani vitu ambavyo bibi zetu wa Malindi wangekupa bila kukutoza kitu.

Kesho yake akaingia kijana mtanashati, nguo safi, uso wa akili. Sinan akamuuliza kasoma kwa nani. Kwa baba yangu. Baba yako nani? Ni yule mzee aliyekuwa kwako jana. Sinan akamsifu yule mzee, akamuuliza kijana kama naye yuko katika njia ya babake. Akajibu ndiyo. Basi akamwambia asiivuke, na aende kwa salama.

Wako wanaokisoma kisa hiki wakasema Sinan alilegea, kwamba ilibidi amfungie mzee duka. Na wako wanaocheka tu. Mimi nakitazama hivi: yule mzee alikuwa na kitu kimoja ambacho wengi waliofaulu vitabu hawana, alijua mpaka wa ujuzi wake na hakuwahi kumuua mtu kwa kujifanya. Sinan akauandika mpaka ule kuwa sharti. Lakini pia nakiri kwamba kijana yule angestahili zaidi ya kuambiwa afuate njia ya babake. Alikuwa na umri wa kusoma. Angeambiwa aende hospitali ya as-Sayyida akasome miaka mitatu, huenda leo tungelijua jina lake. Na zile dinari nazo zaleta harufu ya mtihani wa kununuliwa, harufu ambayo sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa.

Mbegu ile hata hivyo iliota. Karne ya 12, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wakaguzi wa masoko, na humo tabibu aapishwe kiapo cha Bukrat, asitoe sumu, asifichue siri za mgonjwa, ainamishe macho aingiapo nyumba za watu. Wa macho atahiniwe kwa kitabu cha Hunayn cha makala kumi juu ya jicho. Muunga mifupa ajue idadi ya mifupa, wao wakihesabu 248 (leo twahesabu 206 kwa mtu mzima). Anayejifunza kutoa damu afanye mazoezi kwanza juu ya mishipa ya majani ya mboga ya silk, ambayo ndiyo hii twauziwa sokoni kwa jina la spinachi, mpaka mkono utulie. Na tabibu aandike dawa alizotoa, nakala ibaki kwa jamaa za mgonjwa. Mgonjwa akifa, jamaa waende na karatasi zile kwa mkuu wa matabibu, na akiona palifanywa uzembe awaambie wadai diya.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 932 al-Muqtadir akauawa. Akatawala nduguye al-Qahir, mtu mkali, na Sinan akaingia taabuni. Al-Qahir alitaka Sinan asilimu, na akamtisha. Sinan akakimbia. Baadaye akasilimu, kisha kwa kumwogopa al-Qahir akaenda zake Khurasan, na hakurudi Baghdad mpaka baadaye. Tusipake rangi hapa. Dini yetu haimtaki mtu aingie kwa kuogopeshwa, na alichofanya al-Qahir hakina utetezi. Al-Qahir alipinduliwa mwaka 934 na kupofushwa macho. Hofu iliisha hapo. Sinan aliishi miaka tisa zaidi, chini ya ar-Radi na baada yake, na alifariki Mwislamu. Yaliyokuwa moyoni mwake ni baina yake na Mola wake.

Mwisho wa mwaka 940 ar-Radi akafariki, na mwenye nguvu akawa Bajkam, jemadari wa Kituruki aliyekaa Wasit. Akamwita Sinan. Hakumwita kwa homa. Alimwambia kwamba anaamini akili na elimu yake, na anataka amtibu tabia: hasira zake zinampeleka kupiga na kuua, kisha hujuta. Sinan akamweleza kwamba hakuna aliye juu yake wa kumzuia, na hasira humlevya mtu kama pombe, hata akafanya asichokikumbuka vizuri. Kwa hivyo akikasirika aiahirishe adhabu mpaka kesho, kwani aliye mikononi mwake hatamponyoka usiku mmoja, na hasira ikipoa ataona sawasawa. Bajkam akajizuia, akapunguza ukali. Ilipokuja njaa Wasit akafungua nyumba ya kulisha watu, na Baghdad akaanzisha hospitali. Mwaka uliofuata, 941, akauawa.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa mwambao. Msafiri al-Mas'udi, mzaliwa wa Baghdad, alisafiri kwa jahazi katika bahari yetu hii, akafika Qanbalu, kisiwa ambacho wengi wanakidhania kuwa Pemba, na safari yake ya mwisho kurudi Oman ilikuwa mwaka wa 304 Hijria, karibu 916 Miladia. Miaka miwili tu baadaye Sinan alikuwa akifungua hospitali zake. Mas'udi alipoandika kitabu chake kikubwa cha historia akamtaja Sinan, na kumtaja kwenyewe ni kumkosoa! Sinan alikuwa ameandika pia mambo ya siasa na historia ya zama za al-Mu'tadid, na Mas'udi akaona ameingia kazi isiyo yake, kwamba angebaki kwenye hesabu, falaki na tiba ambamo ni bingwa. Aliyewaandikia watu 860 mipaka ya kazi zao, akaja mwingine akamwandikia yeye wake.

Sinan alifariki Baghdad mwaka 331 Hijria, 943 Miladia. Mwanawe Ibrahim akawa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa zama zake, akafariki kijana wa miaka 37 hivi. Mwanawe mwingine, Thabit bin Sinan, alibaki katika dini ya mababu zake, akawa tabibu wa hospitali na mwandishi wa historia. Huyu ndiye aliyezihifadhi zile barua za wafungwa, za vijiji vya Sawad na za mablanketi. Kitabu chake chenyewe kilipotea, lakini wanahistoria wa karne ya 13, Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybi'a, walikuwa wamekwisha kunakili kutoka kwake, na kwa mikono yao ndiyo habari hizi zimetufikia.